Mashine ya mbao ya kutotolesha vifaranga, kazi ya fundi wa Ng'ambo, Tabora

Nianze na jibu kwa wanaotaka jibu tu: kama uko Tabora, unafuga kuku wa kienyeji nyumbani na umeme wa mtaani kwenu ni wa kukatika-katika, chukua mashine ya mbao ya fundi kabla ya kufikiria zile za plastiki zinazouzwa madukani. Yangu ni ya mayai mia moja, trei mbili za kulalia na moja ya kutotolea chini yake. Ameitengeneza fundi seremala wa Ng'ambo. Inakaa kwangu Isevya, chumba cha ushonaji, pembeni ya cherehani, na nimeitumia kiangazi na masika. Wateja wakija kupimwa gauni wanaishia kuchungulia kwenye kioo cha mlango na kuniuliza, "Mama, hivi hii inafaa kweli?" Inafaa. Ila ina mambo yake, na ni haki uyajue kabla hujatoa hela.

Ubora wake mkubwa uko kwenye kuta. Fundi amepiga plaiwudi mbili, ya nje na ya ndani, katikati akashindilia maranda makavu. Plastiki ni nyembamba, umeme ukikatika joto linaondoka upesi. Hii inalishikilia. Nikiona giza limeingia mtaa mzima, naitupia blanketi zito, naacha matundu ya hewa wazi maana kilicho ndani ya yai kinapumua, halafu naenda kuchemsha maji. Chini kabisa fundi ameweka droo, na hiyo droo ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Inabeba chupa nne za lita moja na nusu zikiwa zimelala, zimejaa maji ya moto. Yasiwe yanayochemka, chupa zitajikunja. Joto linapanda taratibu hadi kwenye trei, bila moshi wa kibatari na bila hofu ya moto ndani ya nyumba yenye vitambaa kila kona.

Ukitumia hiyo droo, jicho lisitoke kwenye kipimajoto. Watu wengi wanaogopa baridi, lakini yai linavumilia kupoa kwa muda mfupi kuliko linavyovumilia joto lililozidi. Likishuka kidogo kwa saa moja au mbili, aghalabu vifaranga wanachelewa tu kutoka. Likipita nyuzi 40 na kukaa hapo, wanafia ndani. Kwa hiyo umeme ukirudi, cha kwanza ni kutoa chupa, ndipo uondoe blanketi.

Kinachoongoza globu, ambazo ndizo zinazotoa joto, ni STC-1000, kile kidude cheusi chenye namba ambacho mafundi wa friji wanakijua vizuri. Ni kizuri na vipuri vyake vinapatikana. Tatizo ni kwamba kinaweza kukosea kwa nyuzi 1 juu au chini. Kwa friji ya soda hiyo si kitu, lakini kwa mayai ni kubwa mno. Mashine yenye feni inatakiwa ikae kwenye 37.5. Yangu ilipokuja ilikuwa inaonyesha 37.5 wakati ndani ni pungufu ya hapo. Niligundua kwa kuweka kipimajoto cha hospitali sawa na usawa wa mayai. Hicho kinabaki kwenye joto la juu kabisa lililofikiwa, kwa hiyo subiri globu zizime ndipo ukisome. Ukishajua tofauti, ingia kwenye mpangilio wa hicho kidude unaoitwa F4, wa kusahihisha kipimo, uirekebishe, na ule wa F2, wa tofauti ya joto, ushushe hadi 0.3 ili globu zisisubiri joto lianguke sana ndipo ziwake. Fundi hakunieleza hata kimoja kati ya hivi, na naona alipaswa, maana mtu asiyejua atalaumu jogoo wake bure.

Globu zenyewe lazima ziwe za waya, zile za zamani zinazounguza mkono. Za kubana matumizi hazitoi joto la kutosha. Zimeanza kuwa adimu madukani, mimi nikiziona sokoni nachukua za akiba.

Sasa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba hapa kwetu hakuna mvua, upepo mkavu unapita, na ndani ya mashine unyevu unashuka hadi unashangaa. Siku 18 za mwanzo mayai yanataka unyevu wa kama asilimia 50 hadi 55, na siku tatu za mwisho 65 hadi 70. Yai linatakiwa lipoteze takriban asilimia 12 ya uzito wake kabla ya kuanguliwa, na chumba cha hewa upande ule butu kikue, kwa sababu hapo ndipo kifaranga anapovuta pumzi yake ya kwanza. Unyevu ukizidi, chumba kinabaki kidogo na kifaranga anajaa maji. Ukipungua siku za mwisho, ule utando mweupe chini ya ganda unakauka na kumnata mgongoni. Anadonoa tundu lake, unamsikia analia, lakini hawezi kujizungusha akate ganda.

Bakuli lililokuja na mashine lina kina kirefu na mdomo mwembamba, na hilo ni kosa, kwa sababu kinachotoa unyevu ni upana wa maji. Nimelibadilisha na sinia. Kiangazi kikikaza, natundika kwenye sinia vipande vya pamba vinavyobaki mezani kwangu, ncha moja ndani ya maji, vinanyonya na kupeleka unyevu hewani. Masika navitoa vyote, wakati mwingine nusu sinia inatosha. Mashine haikuja na kipima unyevu, ilinibidi ninunue mwenyewe. Kwa mkoa mkavu kama huu, kuuza mashine bila hicho kifaa si sawa.

Kugeuza ni kwa mkono. Kuna mpini ubavuni, ukiuvuta trei zote zinalala upande mmoja, ukiusukuma zinalala upande wa pili. Wengine wanataka ya kujigeuza yenyewe, mimi nimeridhika na hii, maana kila nikimaliza kushona nguo nanyoosha mkono tu. Asiyeshinda nyumbani ahakikishe inageuzwa walau mara tatu kwa siku, la sivyo kijusi kinanata kwenye ganda. Siku ya 18 unaacha kugeuza na kuhamishia mayai trei ya chini. Nati za mpini zinalegea, kaza kila unapoanza mzigo mpya.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kupiga tochi usiku wa siku ya saba. Nazima taa, nashika yai, mwanga naubana upande butu. Lenye uhai linaonyesha mishipa imetawanyika kama uzi mwekundu uliofumuliwa, na katikati doa jeusi linalotikisika ukitulia. Lisilo na mbegu linang'aa tupu. Lililokufa lina duara la damu, basi. Narudia siku ya 14. Usione uvivu, kwa sababu hapa ndipo mbao inaposhindwa na plastiki: yai viza likipasuka ndani, harufu inaingia kwenye plaiwudi na vijidudu vinabaki humo. Plastiki unaosha ikaisha. Hii kila baada ya vifaranga kutoka lazima ikwanguliwe, ifutwe na dawa, ikaushwe juani mlango ukiwa wazi.

Mlango nao unavujisha joto kwenye kona ya juu. Nimeshonea ukanda wa sponji ya godoro uliofunikwa kitambaa, umeziba kabisa. Trei ya kutotolea ilikuwa plaiwudi laini inayoteleza. Kifaranga akisimama mara ya kwanza kwenye kitu cha kuteleza, miguu inaachana na anaweza kubaki hivyo. Weka kitambaa cha gunia, usiweke gazeti.

Kwa mayai yenye mbegu, katika kila kumi napata saba au nane, na kiangazi kikikaza sana sita. Hayo ni mayai yasiyozidi siku saba tangu yatagwe, hayajaoshwa, hayajaingia friji. Kuku wangu wakiatamia wenyewe hawashindwi na mashine, wengine wanaishinda. Lakini kuku akiatamia hatagi, halafu analea wiki nyingi. Kwa mashine, majike yanaendelea kutaga. Hapo ndipo faida yangu ilipo.

Nilimlipa fundi laki tatu na nusu, globu na feni zikiwemo. Luku inakimbia kiasi Juni na Julai, usiku ukiwa na baridi. Kwa huduma, fundi ni mwungwana lakini si mwepesi. Feni ilizima jioni, mayai yakiwa yameanza kudonolewa, akafika kesho yake asubuhi, akabadilisha bila kunitoza. Feni ya akiba ni muhimu kuliko globu ya akiba.

Ukienda kuagiza, mwambie mapema akuwekee sinia pana badala ya bakuli, sponji mlangoni na kipima unyevu, muelewane bei kabla hajakata mbao. Siku ya kuichukua nenda na kipimajoto chako cha hospitali. Iwashwe pale pale kwenye karakana, ikae saa kadhaa ikiwa tupu, pima trei ya juu na ya chini, mbele na nyuma. Zikitofautiana zaidi ya nusu nyuzi, asogeze feni kwanza, ndipo umalizie malipo.