TAHADHARI: Bajaji za kukodi kutoka Moshi kwenda Tanga na Pangani zinazimwa kwa simu mkiwa njiani

Wakuu, poleni na majukumu. Kuna jamaa hapa Moshi mjini anakodisha bajaji kwa watu wanaotaka kuzunguka pwani ya Tanga wakiwa na mabegi mgongoni, mnaendesha wenyewe. Tangazo lake linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Moshi na Arusha, lina picha ya bajaji nyekundu chini ya minazi na maneno matamu kuhusu Pangani. Msimpe hela. Bajaji si yake, na amefunga ndani kidude cha kuzimia injini popote mlipo. Mkishazimika anaanza kuwauzia matengenezo.

Jina lake siandiki kwa sababu suala liko polisi na sitaki anigeuzie kibao. Wala namba yake haitawasaidia, maana ile aliyokuwa nayo wakati wetu haipo tena hewani na tangazo linaendelea na namba nyingine. Shikeni anavyofanya kazi.

Anakodisha kwa 40,000 kwa siku, juu ya hapo dhamana ya laki sita ambayo anadai anairudisha chombo kikirudi salama. Kwa anayejua biashara ya bajaji bei hiyo haina cha kushtua. Ni zaidi ya hesabu ambayo dereva wa mjini anampelekea tajiri mwenye chombo kwa siku, kwa hiyo unaona kabisa faida yake iko wapi na roho inatulia. Ofisi hana, mnakutana stendi au sheli. Amevaa vizuri, sauti ya chini, "dada zangu" haimtoki mdomoni. Kadi ya bajaji anakuonyesha kopi iliyotolewa kopi ya kopi, namba ya usajili inasomeka vizuri na inalingana na ya kwenye chombo, ila sehemu ya jina la mmiliki ni wingu jeusi. Ukiulizia kadi yenyewe, "iko benki, nimechukulia mkopo." Na hilo nalo lina mashiko, maana kadi za watu wangapi ziko benki sasa hivi? Hela unatuma kwenye namba ambayo jina linalokuja ni la mwanamke. "Ni ya wife, yangu imejaa." Kila kitu kina jibu.

Mimi na rafiki yangu tulikuwa tumepanga kushuka Same, Korogwe, Segera, Muheza mpaka Tanga, kisha Pangani, tuvuke mto twende Ushongo na Kipumbwi, na hela ikiruhusu tufike hadi Saadani. Leseni ya rafiki yangu ina daraja la bajaji, na kuendesha anajua, amekulia kwenye bajaji ya kaka yake pale Majengo. Kipande cha barabara kuu sikielezei sana. Moshi mpaka Tanga ni karibu kilomita 350, bajaji yenye mizigo inakwenda taratibu, mabasi ya Dar yanapita ubavuni mpaka turubai linataka kung'oka, na upepo wa kuanzia Makanya hadi Hedaru si mchezo. Anayetaka ushauri wangu, panda basi mpaka Tanga, bajaji utaikuta hukohuko.

Ilizimika mara ya kwanza tukiwa tunaingia Muheza, kwenye wauza machungwa. Ilikata tu, bila kukohoa wala kupunguza nguvu. Taa zinawaka, honi inalia, starter inazunguka vizuri, injini haishiki. Tukasukuma pembeni. Sasa sikilizeni hapa: kabla hatujampigia, alipiga yeye. "Dada zangu, safari inaendaje?" Tukamweleza. Hakuuliza swali hata moja, akasema hiyo ni CDI, kile kifaa cha umeme wa cheche za injini, joto la huko linaziua, tutume laki na nusu na kijana wake wa Tanga atakuja nayo. Akasisitiza: fundi mwingine yeyote asiguse, akigusa tu dhamana imekufa.

Kijana alikuja na pikipiki, ana kibegi. Akatuambia tukakae kivulini tunywe maji. Kwa mbali tulimwona ameingiza mkono chini ya dashibodi, simu ameibana kwa bega anaongea, bisibisi iko mkononi na wala haijafungua kitu. Bajaji ikawaka. Tukaomba CDI mbovu tuondoke nayo, kama ambavyo fundi yeyote wa haki anakupa kifaa kibovu ukione. Akasema anairudisha kwa bosi. Pikipiki ikaondoka.

Tanga tulifika, tukala, tukalala. Asubuhi tukashika barabara ya Pangani, kilomita 50 hivi, tukasimama Tongoni kuona magofu ya msikiti na yale makaburi ya nguzo, chombo kinakwenda hakina shida. Kikazima tena Pangani mjini, tuko kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Bweni. Dalili zilezile. Simu ikaita. Safari hii eti koili, laki mbili.

Rafiki yangu ndiye aliyeniambia: umeona kwamba haizimi porini? Tumepita mashamba ya mkonge na minazi ambako simu zetu hazishiki mtandao, ikapeta. Inazima tukifika mjini tu, penye mnara. Hela hatukutuma. Tukaisukuma mpaka kwa mzee mmoja fundi pikipiki, si mbali na kivuko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Imegoma?"

Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye bodi, akamwambia rafiki yangu apige starter. Hakuna cheche. Hakuhangaika na CDI, akaifuata waya ya swichi taratibu kwa vidole mpaka nyuma ya dashibodi, akatulia, akacheka kidogo. Akavuta kidude cheusi cha saizi ya kiberiti, kimezungushiwa tepu nyeusi kikalingana rangi na nyaya zingine, pembeni yake kuna relei, yaani swichi ndogo ya umeme. "Hii haijafa wanangu. Hii imezimwa."

Kwa wasiojua, ile ni GPS ya kawaida yenye laini ya simu ndani yake. Mwenye nayo anaona chombo kiko wapi, na akituma amri kutoka kwenye simu yake relei inakata umeme unaokwenda kutengeneza cheche. Taa na starter haziguswi, ndiyo maana unahisi ni ubovu. Pasipo na mtandao amri haifiki. Sina ugomvi na GPS zenyewe. Matajiri wengi wanaotoa bajaji kwa mkataba wanazifunga, na wana haki, dereva akitokomea na chombo watampata vipi? Ila tajiri wa haki anakwambia ipo. Huyu ameificha, na anaitumia kama ATM yake.

Mzee alikataa kukata waya. Alisema mali ya mtu haichezewi kabla mwenyewe hajajulikana, na hapo ndipo akatuokoa zaidi ya tulivyojua. Alizunguka chombo chote. Nyuma ya siti ya abiria kulikuwa na stika kubwa ya "Riziki Mafungu Saba", kona moja imebanduka. Akaibandua yote, chini yake kuna namba ya simu imeandikwa kwa rangi, ilikuwa imekwanguliwa ila inasomeka. Tukapiga.

Alipokea mama mmoja wa Arusha, mwalimu mstaafu. Nilipomweleza akanyamaza, kisha: "Bajaji yangu? Pangani gani, mwanangu? Mbona Jumamosi nimetumiwa hesabu?"

Yaani yule jamaa ni dereva wake wa mkataba. Wote tunajua mfumo ulivyo: tajiri ananunua chombo, dereva anapeleka hesabu kwa kipindi walichokubaliana, akimaliza chombo kinakuwa chake. Hajamaliza, kadi inasoma jina la tajiri, na hana ruhusa ya kukikodisha kwa mtu mwingine. Kwa hela yetu ya siku mbili tatu anamaliza hesabu ya wiki ya mama, mama hana habari, kinachobaki na dhamana ni vyake. Hiyo GPS hakuifunga mama, aliifunga yeye.

Sasa fikirieni upande wa pili. Mama angepita Moshi kwa shughuli zake asiione bajaji yake kijiweni, akaenda kuripoti imeibiwa, namba ikasambazwa. Wa kukutwa nayo kilomita mia tatu na zaidi kutoka Moshi ni sisi, hatuna kadi, hatuna mkataba unaosomeka, hela tumetuma kwa jina la mwanamke tusiyemjua. Utaanzia wapi kumweleza askari? Laki sita inauma, lakini hili ndilo lililoninyima usingizi.

Tulikwenda kituo cha polisi tukaeleza, tukapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Mama akamtuma mwanae na kadi halisi, akakabidhiwa chombo chake mbele ya askari. Tanga wana msemo wao wa waja leo waondoka leo. Sisi tulikaa kusubiri makabidhiano mpaka mama ntilie wa pale ufukweni akatuzoea majina. Ushongo hatukuiona. Jamaa tulipomdai dhamana alijibu kwa meseji kwamba tumekabidhi chombo kwa mtu asiyehusika, kwa hiyo tumevunja makubaliano. Kisha akatublock.

Kwa anayetaka kukodi bajaji au pikipiki kwa mtu yeyote, hapa Moshi, Arusha au kokote, omba kadi halisi na kitambulisho cha NIDA, majina yasome sawa. Kama kadi iko benki kweli, mwenye jina awepo mwenyewe, hata kwa simu ya video. Namba ya usajili iingize kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, uone kama bima ni hai na ni ya chombo hichohicho. Iingize pia kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini. Faini ya bajaji kwa kosa ni 10,000 tangu ilipopunguzwa kutoka 30,000 mwaka 2021, lakini trafiki aliyetusimamisha Mwanga alitukuta na rundo la madeni ya nyuma ambayo hatuyajui, na mashine yake haitofautishi dereva wa leo na wa juzi. Jina la kwenye muamala likija tofauti na la mwenye kadi, simamisha hapohapo. Huu ni mchezo uleule wa meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii", umevalishwa suti tu.

Mkataba andikeni kwa mwanasheria au serikali ya mtaa anakoishi, mtendaji agonge muhuri. Anayekodisha kwa haki hawezi kukimbia ofisi ya mtaa wake, na wapo wa haki, nawajua. Huyu wetu kila tukitaja mtaa alikuwa na msiba wa kuwahi.

Na kabla hujatoa hata mia, chukua fundi wako afungue dashibodi na aangalie chini ya siti. Ni kazi ya dakika chache. Akikuta kidude, muulize mwenye chombo ni cha nini na nani anakiendesha, na maelezo yake yaingie kwenye mkataba. Mkiwa njiani chombo kikizima ghafla huku taa na starter vinafanya kazi, na mwenye nacho anapiga simu kabla yako, usitume chochote.

Wenye hosteli na gesti za Moshi, naomba muwaambie wageni wenu, hasa wale wanaofika usiku na kesho yake wanataka kwenda pwani. Kwao tangazo lake liko kwa Kiingereza, na anawatoza zaidi.

Namba aliyowatumia ripotini kwa kuituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na kama wewe au ndugu yako mlishazimishiwa bajaji na "fundi wa Tanga" akaja na pikipiki na kibegi, msiishie kulalamika. Nendeni kituo cha karibu mkafungue RB na mwambieni mpelelezi kwamba kuna malalamiko ya namna hiyohiyo Pangani, ayaunganishe. Mama mwalimu yuko tayari kutoa maelezo, na mzee fundi amekitunza kile kidude na laini yake ndani.