Epic Day Pass ya Colorado: tulibadilisha safari mara tatu, haya ndo maoni yangu

Habari zenu ndugu. Hii nimeiandika kwa ajili ya familia zetu za huku Marekani, hasa sie wenye kazi za zamu na watoto wa shule, kwa sababu kila mwaka naulizwa lile lile, eti dada nikitaka kupeleka watoto kwenye theluji ninunue nini na lini. Naishi Aurora, pembeni ya Denver, mimi ni nesi, mume wangu anaendesha lori, na kaka yangu yuko Dallas na wifi na watoto wao wawili. Ninachozungumzia ni pasi ya siku za kuteleza kwenye theluji ya Vail Resorts, kampuni yenye milima ya kuteleza, ile Epic Day Pass, tuliyoitumia msimu wa 2023 kwenda 2024. Sisi wakubwa na mwanangu tulichukua siku nne nne, mtoto mkubwa wa kaka naye hivyo hivyo, yule mdogo ana miaka mitatu kwa hiyo halipi.

Nianze na jinsi inavyofanya kazi maana wengi hawaelewi. Unanunua siku, hununui tarehe. Kuanzia siku moja mpaka saba, na wala hazilazimiki kufuatana, unaweza kutumia moja Januari na nyingine Aprili. Wakati wa kununua unaamua mambo mawili tu: unataka milima ipi, maana Vail, Beaver Creek na Whistler ya Kanada ziko kwenye daraja la juu na la bei kubwa, sisi tukachukua la kati lenye Breckenridge na Keystone, halafu unaamua kama unataka na zile siku za sikukuu, yaani wiki ya Krismasi, wikendi ya Martin Luther King ya Januari na ile ya Presidents' Day ya Februari. Bila sikukuu ni nafuu. Bei inapanda kadiri msimu unavyokaribia, na mwanzoni mwa Desemba wanafunga kuuza kabisa, baada ya hapo ni tiketi ya dirishani, na dirishani Breckenridge siku za watu wengi ni zaidi ya dola 200 kwa mtu mzima mmoja kwa siku moja. Sisi kwa kuwahi tulilipa chini ya nusu ya hapo.

Sasa angalieni tatizo liko wapi. Unalazimika kulipa kabla hujaijua theluji. Desemba mwanzoni hakuna mtu anayejua msimu utakuwaje, hata wataalamu wenyewe wanaangalia siku kumi mbele basi, na hela yako imeshatoka. Ndo maana mimi uhuru wa tarehe nauona ndo kitu chenyewe unachonunua, kuliko hata hilo punguzo.

Mpango wa kwanza ulikuwa tarehe 27 hadi 29 Desemba. Kaka anapata likizo kipindi hicho, watoto hawana shule, kila mtu anafuraha, nikanunua ile yenye sikukuu kwa wote. Desemba ile ikawa ya joto na kavu. Nilikuwa kila asubuhi nikitoka zamu nafungua simu kabla hata sijavua viatu, naangalia kamera za mlimani, naona mistari miwili mitatu myeupe katikati ya majani ya kahawia. Hiyo mistari ni theluji ya mitambo, wanarusha maji na hewa kwa nguvu inaganda kabla haijatua, na lazima kuwe na baridi ya kutosha, usiku ukiwa wa joto mitambo inakaa kimya. Kwa hiyo milima ilikuwa wazi ndio, ila sehemu ndogo tu, halafu wiki ya Krismasi watu wote wa Texas na Denver wanabanana kwenye hiyo sehemu ndogo. Mtoto anayejifunza hapo anagongwa. Nilipiga simu kwa kaka tarehe 20, nikamwambia kaka, mje mle pilau la Krismasi hapa kwangu lakini mlimani hatuendi. Alinyamaza kidogo akasema sawa dada, wewe ndo upo karibu na mlima, unajua.

Hapo pasi haikuhitaji chochote. Sikupiga simu kwa mtu, sikujaza fomu, siku zikabaki nne. Na hoteli niliyokuwa nimeshika ilikuwa ya kufuta bure mpaka saa 48 kabla, nikafuta. Hasara sifuri. Jamani nililala vizuri usiku ule.

Mpango wa pili wikendi ya Martin Luther King, Januari 13. Theluji ilikuja kweli kweli, milima ikajaa, baridi nayo ya kufa mtu. Lakini Alhamisi yake mwanangu akaamka na homa 39, na yule mdogo wa kaka naye huko Dallas anakohoa. Tukaahirisha tena. Hapa niseme kitu kuhusu ile bima inayokuja bure na pasi, Epic Coverage. Ilianza baada ya ule mwaka wa corona, Machi 2020 milima ilipofungwa ghafla katikati ya msimu na watu wakabaki na pasi mkononi. Inarudisha hela kwa mambo makubwa, ukiumia, ukiugua sana, ukipoteza kazi, au milima ikifungwa kwa sababu fulani. Theluji kuwa haba si sababu, na homa ya mtoto ya siku tatu usiihesabie. Mimi sikujaribu kudai, sikuwa na haja, siku zangu zilikuwa bado zipo na msimu una miezi mitatu mbele.

Ila niliona siku nne nyingi kuzibeba zote hadi Machi, nikaamua moja niitumie mwenyewe. Jumapili moja mwisho wa Januari nikapanda Snowstang, basi la idara ya barabara ya jimbo linaloondoka Union Station, stesheni kuu ya Denver, wikendi kwenda Breckenridge, Copper, Loveland na kwingineko. Wenzangu, hili basi nalisifu bila kificho. Nilitoka zamu ya usiku, nikakaa dirishani, nikalala njia nzima ya I-70, ile barabara ambayo ukiendesha mwenyewe Jumapili unaweza kukaa masaa manne kwenye foleni kwa safari ya kilomita 130. Halafu dereva anajua kazi yake, matairi yanayofaa ni juu yake. Hasara yake ni muda, linakuondoa mlimani jioni kwa saa maalumu, na ukiwa na watoto watatu na mabuti na helmeti na mifuko ya chakula ni shughuli. Kwa mtu mmoja au wawili sioni njia bora.

Mpango wa tatu ndo ulionifundisha. Machi 14 hadi 17, kaka kapata ruhusa kazini, mimi nimebadilishana zamu na wenzangu wawili, na safari hii hoteli zilikuwa ghali nikashika nyumba ya mtu binafsi kule Frisco, mji wa karibu na Breckenridge, kwa usiku tatu, kuanzia Alhamisi. Nyumba nzuri, jiko kubwa, bei nzuri kwa watu saba. Masharti hayana kurudishiwa hela, nikayaona, nikajisemea Machi bwana, theluji ipo, nini kitaharibika. Kilichoharibika ni theluji yenyewe kuzidi. Jumatano usiku dhoruba ikaingia, Alhamisi tarehe 14 I-70 ikafungwa kule milimani, magari yamekwama njiani watu wamelala humo, na uwanja wa ndege wa Denver ukafuta safari mamia, ya kaka ikiwemo.

Shirika la ndege liliwahamishia Ijumaa bila kuwatoza kitu. Mwenye nyumba nilimwandikia kwa adabu, nikamtumia taarifa ya serikali kwamba barabara imefungwa, nikaomba hata usiku mmoja autoe. Alikataa. Masharti ni masharti, sibishi, nilisaini mwenyewe, lakini iliniuma kwa sababu hakuna binadamu angeweza kufika pale siku ile. Usiku mbili zikaenda hivyo, maana hata Ijumaa tulilala Aurora, na hizo usiku mbili ziligharimu zaidi ya nilichookoa kwa kununua pasi mapema. Rudieni kusoma hiyo sentensi kabla hamjashika nyumba.

Na jambo lingine ambalo wageni hawalijui: theluji ya Denver siyo theluji ya Breckenridge. Dhoruba ile ya Machi ilikuja na upepo wa kutoka mashariki, ikagonga milima ya upande wetu huku, Aurora tukachimba gari kwa koleo. Upepo ukitoka kaskazini magharibi mambo yanageuka, Steamboat na Vail wanajaa na huku mjini jua linawaka. Kwa hiyo usiangalie dirishani kwako ukaamua safari. Mimi nasoma utabiri wa OpenSnow, wanaandika kila mlima peke yake na kwa lugha ya kawaida, na barabara naangalia COtrip ya jimbo kabla ya kuwasha gari. Matairi nayo ni sheria, kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31 lazima gari liwe na matairi yanayofaa theluji au uwe na minyororo. Kampuni moja ya kukodi magari ilimpa kaka gari la matairi ya kiangazi pale uwanja wa ndege, katikati ya Machi, na theluji hiyo iko nje inaonekana. Mume wangu akalikagua nje ya nyumba, akasema shemeji hili haliendi popote, tukapanda wote gari letu na la jirani.

Ijumaa barabara ilishafunguka, tukaamua kaka na familia walale kwetu kwanza. Na hili lilitokea kwa bahati lakini sasa ndo utaratibu wangu: mtu ametoka Dallas, karibu na usawa wa bahari, usimpeleke moja kwa moja mji wa Breckenridge ambao uko karibu mita 2,900. Alale Denver kwanza kwenye 1,600, anywe maji. Ile lifti ya juu kabisa pale, yaani viti vya kwenye waya vinavyokupandisha mlimani, inaitwa Imperial, inakufikisha mita 3,914, nikamwambia wifi hapo uko juu kuliko kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, na yeye ni mtu wa Marangu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji. Hatukupanda hiyo na watoto, tulikaa chini kwenye miteremko myepesi, lakini picha alitaka mlima ule uonekane nyuma.

Jumamosi na Jumapili zikawa zile siku mtu unazingoja mwaka mzima. Theluji mpya laini, miteremko karibu yote wazi, jua, baridi ya kuvumilika. Pale kwenye lifti wanasoma pasi bila wewe kuitoa mfukoni, watoto walidhani ni miujiza. Mtoto mkubwa wa kaka alianguka asubuhi nzima kisha mchana akashuka mteremko mzima wima, akapiga kelele shangaziii niangalie, na mimi nililia pale, sioni aibu kusema. Miezi mitatu ya kupanga na kupangua, simu, kubadilishana zamu, yote iliishia kwenye hiyo sauti.

Kwa hiyo maoni yangu kuhusu pasi yenyewe. Kwa familia isiyoishi mlimani na isiyoweza kuahidi tarehe naipa nyota nne na nusu. Nimeikata nusu kwa sababu siku ni za jina lako, huwezi kumpa hata mdogo wako, na kwa sababu ya kule kufunga mauzo Desemba mwanzoni ambako kunawaumiza hasa watu wa mshahara wa wiki kwa wiki, wanaohitaji muda kukusanya. Kwa upande wangu kosa lilikuwa kulipia sikukuu: siku zangu zote nne nimezitumia nje ya sikukuu. Mwaka uliofuata nilichukua ile isiyo na sikukuu, na hela iliyobaki nikaiweka kwenye hoteli inayokubali kufutwa, ghali kidogo kwa usiku lakini naweza kughairi. Kama wewe unaweza kwenda Krismasi tu na si wakati mwingine wowote, fikiri mara mbili kabla ya Colorado, kwa sababu Desemba hapa inaweza kuwa nzuri sana au majani matupu. Ukiweza kuchagua mwenyewe, chagua Februari mwishoni au Machi, ukiacha ile wikendi ya Presidents' Day.

Siku ya nne tulienda mimi na mume wangu, Jumanne moja ya Aprili, watoto wako shule. Tuliamua saa moja asubuhi baada ya kuangalia kamera, saa nne tuko juu. Theluji asubuhi ilikuwa ngumu kama sakafu, ikalainika kufikia saa sita, watu wachache, wengine wamevaa fulana. Yeye hakuteleza, alipanda lifti ya vikapu inayotoka mjini, akanikuta juu na chapati nilizofunga kwenye foili, bado zina joto.