Wikendi ya Mediterania: tazama treni ya mwisho kabla ya bei ya ndege

Malalamiko ya ndugu zetu wanaoishi Ujerumani, Uholanzi na Uingereza kuhusu safari za siku mbili za baharini yanafanana mno. Tiketi ilikuwa rahisi, hoteli ilipendeza kwenye picha, na bado mtu amerudi kazini Jumatatu akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Ukiomba kuona ratiba yake, tatizo liko palepale: ndege imetua karibu saa sita usiku, treni ya mwisho imeshaondoka, teksi imemla nauli inayozidi ile ya ndege, na mapokezi ya hoteli yamefungwa tangu saa nne.

Kwa hiyo hapa miji imepangwa kwa kigezo kimoja ambacho wauzaji wa safari hawakionyeshi: unatokaje kwenye ndege mpaka kitandani, na usafiri huo unakoma saa ngapi. Ufukwe, samaki na mitaa ya kale havikutiwa kwenye mizani, maana karibu kila mji wa pwani ile unavyo.

Kwanza piga hesabu ya saa

Chukua mfano wa Ijumaa hadi Jumapili. Ukitua Ijumaa saa tano na nusu usiku na kuondoka Jumapili saa kumi na moja jioni, unalipa usiku mbili. Saa za kutembea ni Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano usiku, yaani saa 14, na Jumapili saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, saa 5. Jumla 19. Sasa tua Jumamosi saa tatu asubuhi, ondoka Jumatatu saa mbili asubuhi. Usiku ni mbili vilevile, lakini unapata Jumamosi saa 12 na Jumapili saa 14. Jumla 26. Unaomba ruhusa ya nusu siku kazini Jumatatu na unaongeza saa saba za kutembea bila kulala usiku mmoja zaidi. Tena tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili jioni ndizo zinazogombaniwa kuliko zote, na bei yake inaonyesha.

Ikiwa huna budi kutua usiku, mwandikie mwenye hoteli kabla ya kulipa, umtajie saa ya kutua na umuulize utaingiaje. Italia hasa, nyumba ndogo za kulala wageni hutoza pesa ya ziada, mara nyingi taslimu, kwa anayefika usiku sana. Habari hiyo imeandikwa chini kabisa ya ukurasa, baada ya masharti ya wanyama na sigara.

1. Málaga

Hapa sijifichi: kwa wikendi fupi, Málaga naiweka juu ya zote, na sababu ni treni moja. Ni C1 ya Cercanías, yaani treni za mjini na vitongoji. Ukitoka ukumbi wa wanaowasili wa Terminali 3, vuka uwanja ulio mbele, kituo kiko chini, mwendo wa dakika chache. Treni hupita kila baada ya dakika 20 hadi 30, na dakika kama 12 baadaye uko Málaga Centro-Alameda, katikati ya mji. Nauli ni karibu euro 2. Mara ya kwanza mashine hukuongezea senti kidogo za kadi; itunze, unaijaza tena siku ya kurudi.

Makosa yanayotokea hapa ni matatu. La kwanza, kupanda upande usio sahihi: njia hiyohiyo huenda Fuengirola, kwa hiyo soma ubao unaosema Málaga Centro. La pili, kushuka María Zambrano, kituo kikubwa cha treni za mbali, wakati hoteli iko mji wa kale. Kaa mpaka kituo cha mwisho. La tatu, kutupa tiketi baada ya kuingia. Mlango wa kutokea nao unaidai.

Treni haziendi usiku kucha, basi tazama kwenye ratiba saa ya ile ya mwisho kutoka uwanjani. Ikiwa ndege imepangwa kutua karibu na saa hiyo na una begi kwenye tumbo la ndege, usiitegemee. Teksi ya usiku hadi mji wa kale huanzia kwenye euro 25 hivi.

Lala kati ya Alameda na Plaza de la Merced, na safari yako yote itakuwa ya miguu: ngome ya kale ya Alcazaba, jumba la makumbusho ya Picasso, na ufukwe wa Malagueta, ambao ni mwendo wa robo saa hivi. Soko la Atarazanas halifunguliwi Jumapili, basi liweke Jumamosi kabla ya saa nane mchana. Dagaa wakubwa waliochomwa kwenye mti, espeto, hupikwa kwenye vibanda vya ufukweni kuelekea Pedregalejo, na ni chakula salama kwa asiyekula nguruwe. Supu nzito ya nyanya, salmorejo, huja na vipande vya nguruwe juu. Sema mapema “sin jamón”.

Dosari yake ni bahari. Maji ya Atlantiki huingia kwa mlango wa Gibraltar na kupoza pwani hii, hivyo mwezi Mei unaweza kukuta nyuzi 17 au 18 tu. Aliyezoea maji ya Mombasa au Bagamoyo atatia mguu na kuutoa. Ukitaka kuogelea, nenda Agosti au Septemba. Ukitaka jua la Januari kwa mtu anayeishi Hamburg, hakuna mji katika orodha hii unaoishinda.

2. Valencia

Metro, njia ya 3 na ya 5, inaanzia ndani ya uwanja wa ndege. Dakika 25 hivi na uko Xàtiva au Colón. Anayetaka kulala karibu na bahari apande njia ya 5 hadi Marítim, kisha tramu. Hakuna basi la kutafuta gizani, na kwa ajili hiyo pekee Valencia inastahili nafasi ya pili.

Bahari yake Agosti hufika nyuzi 26 na kuzidi, ufukwe wa Malvarrosa ni mchanga mpana, na bustani ya Turia, iliyotengenezwa kwenye mkondo wa mto uliohamishwa baada ya mafuriko ya 1957, unaizunguka kwa baiskeli asubuhi moja. Kilichoishusha chini ya Málaga ni umbali wa mji wa kale na bahari: huwezi kuwa karibu na vyote viwili. Kwa usiku mbili, chagua mji wa kale, bahari uifuate kwa basi au tramu.

Paella, wali wa huko, iliwe mchana. Mkahawa unaoiuza usiku kwa sahani ya mtu mmoja, yenye picha mlangoni, unapasha moto iliyogandishwa. Soko kuu, Mercado Central, nalo halifunguki Jumapili. Na epuka tarehe 15 hadi 19 Machi kama hukwenda kwa ajili ya sherehe za Fallas. Vyumba hupanda bei vibaya sana.

3. Nice

Tramu ya 2 inasimama kwenye terminali zote mbili na kukufikisha Jean Médecin au bandarini kwa nusu saa. Tiketi ya kutoka uwanjani siku hizi inauzwa kivyake na ni ghali kuliko ya mjini. Mtego uko siku ya kurudi: njia hiyo inagawanyika mbele, tramu moja inaenda uwanja wa ndege na nyingine CADAM. Kila wikendi kuna mtu anayeshangaa na sanduku lake mahali pasipo na ndege. Soma kibao cha mbele kabla ya kupanda.

Ufukwe ni wa kokoto tupu, chukua viatu vya maji. Treni ya kwenda Villefranche-sur-Mer ni dakika chache, na huko kuna ghuba iliyotulia. Mei mpaka mwanzo wa Juni, tamasha la Cannes na mbio za magari za Monaco hufanya hoteli zisinunulike.

4. Naples

Uwanja wa Capodichino uko karibu sana na mji, na basi la Alibus hukufikisha Piazza Garibaldi kwa dakika 15 hadi 20, halafu bandarini, kwa euro 5. Teksi zina nauli maalumu zilizopangwa, lakini lazima uitaje kabla gari halijaondoka: “tariffa predeterminata”. Ukikumbuka ukiwa njiani umechelewa, mita inahesabu.

Kwa kuogelea mji wenyewe haufai; unahitaji boti ya kwenda Procida, na upepo ukichafuka boti hazitoki. Wengi huja kwa ajili ya Pompeii. Tangu Novemba 2024 wageni wamewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku na tiketi ina jina lako, basi nunua mapema na ubebe pasipoti. Panda treni ya Circumvesuviana inayokwenda Sorrento, ushuke Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Ile ya Poggiomarino nayo ina kituo kinachoitwa Pompei, lakini kiko upande wa pili, mjini.

5. Marseille

Uwanja uko Marignane, kilomita 27 hivi kutoka mjini, na basi la kwenda kituo cha treni cha Saint-Charles huchukua nusu saa barabara ikiwa wazi. Nauli ni kama euro 10. Kituo kimejengwa juu ya kilima na ngazi zake kubwa zina vidato 104. Mwenye sanduku achukue metro M1, vituo viwili mpaka Vieux-Port. Kiangazi, njia za miguu za Calanques, ghuba za miamba kando ya mji, hufungwa siku za hatari ya moto, na ghuba ya Sugiton huhitaji kuweka nafasi kwa siku nyingi za msimu huo.

Kwa msomaji wa Kiswahili ina thamani ambayo miji minne ya juu haina: jamii kubwa ya Wangazija, na mtaa wa Noailles ambapo chakula cha halali kiko kila kona. Kama hilo ndilo unalotaka, ipandishe nafasi mbili.

6. Barcelona

Ni mji mzuri, na ndio unaouzwa kwa hila kuliko yote. Girona iko kilomita 90 hivi kutoka Barcelona na Reus kama 100, lakini tiketi za huko huuzwa zikiwa na neno Barcelona mbele. Ukitua usiku huko, saa moja na zaidi ya basi inakusubiri, ikiwa basi lipo. Hakikisha msimbo wa uwanja ni BCN. GRO na REU ni hiyo miwili ya mbali.

Hata BCN ina mtego: kadi ya safari kumi, T-casual, haikubaliwi na metro ya L9 kwenye vituo vya uwanja wa ndege, ila inakubaliwa na treni ya R2 Nord inayotoka Terminali 2. Ongeza kodi ya wageni kwa kila usiku, ambayo kufikia sasa Málaga na Valencia hazina, na Sagrada Família inayouza tiketi mtandaoni kwa saa maalumu tu. Kwa siku nne, sawa. Kwa mbili, hapana.

Za bei ya chini

Alicante: basi la C6, ufukwe wa Postiguet uko mjini kabisa. Bari: treni kutoka uwanjani, dakika 20 hivi. Palermo: uwanja uko kilomita 35, usitue usiku.

Pasipoti na mabegi

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen asafiri na vyote viwili mkononi. Baadhi ya mashirika ya bei nafuu hutaka asiye raia wa Ulaya apite dirisha la ukaguzi wa hati kabla ya kuingia sehemu ya usalama, hata kama ameshajiandikisha mtandaoni. Asiyejua hilo hurudishwa kutoka mlango wa ndege zikiwa zimebaki dakika kumi. Fika saa mbili kabla. Kibali cha Uingereza hakikuingizi Schengen, unahitaji visa. Na tangu 12 Oktoba 2025 mfumo mpya wa kusajili wanaoingia umeanza mipakani, hivyo anayetoka London aongeze angalau saa moja kwenye hesabu ya treni ya mwisho.

Begi la bure ni sentimita 40 × 30 × 20 kwa Ryanair na Wizz Air, 45 × 36 × 20 kwa easyJet. Pima na magurudumu na mpini. Novemba 2024 serikali ya Hispania iliyatoza mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179, ikiwemo kwa ajili ya ada za mabegi ya mkononi. Mashirika yakaenda mahakamani, na ada zimebaki zinalipwa na abiria. Bei unayoonyeshwa mwanzo haina begi, haina kiti, wakati mwingine hata hairuhusu watu wawili waliolipa pamoja kukaa pamoja.

Tiketi inunue kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Mawakala wa mtandaoni huweka barua pepe yao badala ya yako, taarifa ya kubadilishwa saa ya ndege haikufikii, na siku ya kujiandikisha mfumo unakudai uthibitishe wewe ni nani. Kwa nyumba za kukodi, tazama ada ya usafi: ikiwa euro 60 na unalala usiku mbili, kila usiku umeongezeka euro 30, na hoteli yenye mapokezi ya saa 24 karibu na Alameda inakuwa rahisi kuliko hiyo nyumba.