Sefaria na binti za Selofehadi: uzoefu wangu

Sefaria ni maktaba ya mtandaoni ya maandiko ya Kiyahudi: Torati, Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, yaani walimu wa dini), Talmudi (mijadala ya marabi juu ya Mishna), midrashi (mafafanuzi ya kale ya maandiko) na wafafanuzi wa karne nyingi. Ni bure, na kusoma tu hakuhitaji kujisajili. Niliingia kwa sababu kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimefika Hesabu 27, pale binti watano wa Selofehadi wanaposimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao. Nilitaka kujua Wayahudi wenyewe wanaisomaje sura hiyo.

Ukigusa mstari, pembeni inafunguka orodha ya waliouzungumzia. Utamu uko hapo. Kwenye mstari wa 7, Rashi, mfafanuzi maarufu wa Kiyahudi wa zama za kati, anasema jicho lao liliona lile ambalo jicho la Musa halikuliona. Talmudi, katika kitabu cha Bava Batra 119b (ukurasa wa 119, upande wa pili), inawaita wenye hekima na wajuzi wa kufafanua maandiko, kisha inawapa hoja kali: kama tunahesabiwa kama mwana wa kiume, tupeni urithi, kama hatuhesabiwi, basi mama yetu arithiwe na shemeji yake kama mjane aliyefiwa na mume bila kuacha mtoto. Jibu hapo utalitoa wapi? Ukurasa unaofuata, Shmuel, mmoja wa marabi wa Talmudi, anasema hata lile agizo la sura ya 36, waolewe ndani ya kabila lao, lilikuwa ushauri mwema tu. Na sisi mahubirini mabinti hawa tunawapita mbio, wakitajwa!

Kutoka hapo nikajikuta kwenye Mishna, Bikurim (kitabu cha malimbuko) sura ya 4, inayomjadili mtu mwenye maumbile ya kiume na ya kike. Katika mambo fulani anahesabiwa mwanamume, katika mengine mwanamke, na anayempiga ana hatia kama aliyempiga mtu mwingine yeyote. Rabi Yose anasema huyu ni kiumbe wa namna yake. Wapo wanaoyasoma haya kana kwamba marabi walikuwa wanaharakati wa leo. Mimi sioni hivyo. Walikuwa wanauliza nani alete malimbuko na nani arithi. Ila hawakujifanya kwamba mtu huyo hayupo, na hilo lilizua mjadala mrefu kikundini kuliko nilivyotarajia.

Kiswahili hakimo, unasoma Kiingereza au Kiebrania, kwa hiyo mimi huandika muhtasari wangu kabla ya kipindi. Kwenye Talmudi, tafsiri ya Kiingereza ya rabi Steinsaltz ina maneno yaliyokolezwa wino, ambayo ndiyo matini yenyewe, na mengine ni maelezo. Ukilijua hilo mapema hutachanganya kauli za marabi na za mfafanuzi.

Programu ya simu inakuruhusu kupakua vitabu ukavisoma bila intaneti. Mgeni asianze na Talmudi moja kwa moja. Afungue Hesabu 27, aguse mstari wa 7, aanze na Rashi.