Radio Mobile kwa mitandao ya LoRa Mwanza: nzuri, ila usiamini namba zake za mwanzo

Ukitaka kujua kama antena iliyo juu ya kilima cha Bugando itakisikia kihisi kilichoko Igombe, au boti ya dagaa iliyo kilomita 10 nje ya mwalo, anza na Radio Mobile. Ni programu ya bure ya Roger Coudé wa Kanada inayochora ramani ya mahali mawimbi ya redio yatafika. Inatumia modeli ya Longley-Rice (hesabu ya jinsi mawimbi yanavyopungua juu ya vilima na mabonde), na inakubali masafa ya 20 MHz hadi 20 GHz, hivyo 433 na 868 MHz za LoRa, redio za vihisi zinazotuma data kidogo kwa mbali, zote zimo. Sura yake ni ya Windows za zamani na menyu zake zinachosha. Hilo utalizoea.

Shida ni namba inazokuja nazo. Hali ya hewa imewekwa ya bara lenye majira ya baridi, na kipimo cha mpindo wa mawimbi ni 301. Kwa ikweta, jedwali la modeli yenyewe linatoa 360. Badilisha zote mbili. Kwa njia inayopita juu ya ziwa, badilisha na ardhi: maji baridi ni 81 (permittivity) na 0.01 (upitishaji umeme, S/m), wakati programu inaanza na 15 na 0.005 za ardhi ya kawaida. Kwenye upitishaji umeme usiweke 5 ya maji ya bahari. Ziwa Nyanza (Victoria) halina chumvi.

Kisha data ya mwinuko. SRTM, ramani ya mwinuko wa dunia, ilipigwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, na data yake ghafi ina mashimo, hasa juu ya maji. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Shimo likisomwa kama 0, ziwa linakuwa korongo la zaidi ya kilomita moja, na kila njia itaonekana iko wazi kabisa. Pakua toleo lililozibwa, halafu pitisha kipanya juu ya maji usome mwinuko kabla ya kuchora chochote. Na hata hilo lina mipaka: kila nukta ni kama mita 30, kwa hiyo mawe ya Capri Point yanalainishwa yakawa mteremko. Antena iliyojificha nyuma ya jabali itapewa rangi ya kijani isiyostahili, yaani kana kwamba inasikika vizuri.

Majini ndiko wengi wanakoteleza. Wanahesabu kana kwamba ni anga tupu: 868 MHz kwa kilomita 10 ni upotevu wa dB (desibeli) 111, na LoRa ya SF12, mpangilio wake wa polepole na wa mbali zaidi, inavumilia karibu 151 (14 dBm kutuma, −137 dBm kupokea). Raha tupu! Lakini antena ya mwaloni ikiwa mita 10 na ya boti mita 2, wimbi linalorudi kutoka majini linafika likiwa limepinduka na kulifuta lile la moja kwa moja. Upotevu unakuwa kama dB 134. Mawimbi ya ziwa, mwili wa mvuvi na kebo mbovu vinakula katika hizo 17 zilizobaki. Hapa kuhamia 433 hakusaidii kitu, maana katika hali hiyo upotevu hauangalii masafa bali urefu wa antena. Ipandishe ya boti kutoka mita 1 hadi 2, unapata dB 6. Upeo wa macho wa redio kwa antena za mita 10 na 2 ni kama kilomita 19. Kuzidi hapo, mviringo wa dunia unaanza kukata.

Kwa nchi kavu, Ilemela hadi Nyamagana, programu inatosha kuchagua kilima kipi kibebe kituo. Paa za bati na kuta za matofali haizijui. Toa dB 15 hadi 20 kwa kihisi cha ndani ya nyumba.

Kabla ya kununua nguzo, panda feri ya Kamanga na kihisi kimoja kikituma kila sekunde 30, andika nguvu ya mawimbi na mahali ilipopimwa, kisha ulinganishe na ramani. Tofauti zikizidi dB 10 na zote zikielekea upande mmoja (juu tu au chini tu ya ramani), kagua kwanza urefu wa antena ulioujaza. Mara nyingi mtu ameandika mita kutoka usawa wa bahari mahali palipotakiwa mita kutoka ardhini.