Eti saa kumi usiku ya leo "ilishapita"

Niliwapa nyota nne. Leo nazishusha, na sababu ni moja tu, ila hiyo moja inahusu dozi ya mtoto.

Ni programu ya kukumbusha dawa. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Niliipakua kwa ajili ya mama mkwe na vidonge vyake vya presha, na haki ya mtu mpe: kwenye kuchagua saa walikuwa wametulia. Unaingia kwenye mipangilio unajipangia. Ukitaka uso wa saa wa duara unaosogeza mshale kwa kidole, upo. Ukitaka magurudumu ya kuzungusha juu na chini, yapo. Ukitaka kuandika tarakimu mwenyewe, andika. Dakika zinaruka moja moja, tano tano au kumi na tano, upendavyo. Na kilichoniua kabisa ni swichi ya saa zetu, yaani saa mbili usiku inasomeka saa mbili usiku, hakuna 20:00 wala PM. Mama mkwe macho yameshachoka, nikamwekea tarakimu kubwa na rangi ya zambarau aliyoichagua mwenyewe. Tangu hapo hajaruka kidonge.

Sasa juzijuzi hapa kitinda mimba wangu akashikwa na malaria. Kwetu Muheza malaria siyo mgeni, hatukupata kiwewe. Zahanati wakampima, wakampa dawa ya mseto, vidonge viwili viwili mara sita. Aliyewahi kuuguza mtoto anajua kwamba penye masharti ni dozi ya pili: unampa masaa nane baada ya ile ya kwanza, halafu siku mbili zinazofuata ni asubuhi na jioni tu. Yule dada wa dirisha la dawa aliandika kwa kalamu pembeni ya pakiti "baada ya masaa 8", akapiga mistari miwili chini yake, akanikazia macho: "Mama, hii ya pili usije ukalala nayo." Ya kwanza nilimpa na maziwa saa mbili na dakika kumi usiku. Hesabu haihitaji shule, ya pili ni saa kumi na dakika kumi.

Nikafungua programu, nikaweka kikumbusho cha mara moja. Siku: leo. Saa: 10:10. Halafu kuna vitufe vinne, asubuhi, mchana, jioni, usiku (alfajiri hawakuona haja ya kuiweka), nikabonyeza usiku. Ikaniletea alama ya vema ya kijani na neno "Tumekuwekea". Nikalala.

Haikulia.

Kilichoniamsha ni adhana ya Alfajiri. Simu ina chaji, sauti iko juu, ipo hapo hapo pembeni ya mto, kimya kama haijui kitu. Mtoto kuamshwa hataki, maziwa yamepoa, baba yake anauliza kuna nini na mimi nashindwa hata kumjibu. Dozi imechelewa zaidi ya saa nzima. Alipona, alhamdulillah, kwa hiyo asinijie mtu hapa kunipa pole ya mgonjwa.

Kilichonichefua ni huduma kwa wateja. Niliwaandikia kwa adabu zote, nikawatumia na picha ya skrini. Likaja jibu: "Mpendwa mteja, ulichagua leo. Saa kumi usiku ya leo ilishapita. Ulitakiwa kuchagua kesho." Basi, kwisha habari. Pole hakuna.

Haya, kwa kompyuta siku inageuka saa sita usiku, hilo nalijua. Maana yake humo ndani walinisajilia saa kumi ya usiku wa kuamkia siku ile ile, masaa mengi kabla mtoto hajapimwa. Lakini nani nyumbani kwenu, kakaa kitandani saa mbili usiku, atasema "kesho saa kumi usiku" akiwa na maana ya usiku huu huu? Mwambie hivyo mumeo uone atakuamsha siku gani. Na hata tukisema mimi kalenda sijui, mbona ilinikubalia? Mtu anakumbushwaje jambo la wakati uliopita? Kitufe chao cha usiku kinaanzia saa moja na kwenda mpaka karibu na mapambazuko, kinavuka saa sita katikati, na wao ndio waliokitengeneza. Mtu akichagua saa iliyokwisha pita, ama ikatae, ama iulize: ni usiku huu unaokuja? Alamu ya kawaida iliyokuja na simu yangu, ambayo haina maua wala zambarau, ukiiwekea saa iliyopita inajipeleka mbele yenyewe, na inakuandikia kwamba italia baada ya masaa saba na dakika hamsini. Bure kabisa!

Nikamweleza yote hayo. Akanijibu: "Dada, watumiaji wengine hawajalalamika." Yaani nimeshashuka kutoka mpendwa mteja hadi dada, na bado mwenye tatizo ni mimi.

Nilitaka kuifuta siku hiyo hiyo. Lakini bibi wa watu nimwambie nini? Kwake ni saa ile ile kila siku, haivuki usiku wa manane, haijawahi kumwangusha. Kwa dawa za kila siku, hasa za mzee, sijaona ya kuishinda, na hilo nalisema huku nimekasirika. Nikasema basi, nyota tatu, yaishe.

Halafu wakaleta toleo jipya. Nimelifungua kwa matumaini, nikakuta wameongeza rangi. Rangi jamani! Sasa uso wa saa unaweza kuuwekea na picha ya mjukuu. Nikajaribu papo hapo, usiku nimekaa sebuleni: leo, saa kumi, usiku. Vema ya kijani. "Tumekuwekea."

Nyota moja. Ya mama mkwe sijaigusa, inaendelea kulia saa mbili. Ila kama una mtoto wa mseto, weka alamu ya simu, na mwambie na mtu mwingine mle ndani aweke ya kwake.