Kupima macho: simu ama mashine ya hosi?

Peek Acuity, ile apu ya kupima macho, ilijaribiwa hapa kwetu Nakuru, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake wakatoa matokeo 2015. Raha yake ni hii, shosho anakaa tu kwa stuli nje ya nyumba, mpimaji anasimama mita 2 anamuonyesha herufi E, shosho anaelekeza kidole upande miguu ya E imeangalia, mpimaji anaswaipu huko huko, hata kama hajui kusoma haisumbui. Hosi nayo ni fea, foleni, siku imeisha.

Lakini apu hiyo haipimi presha ya jicho, na glakoma, ule ugonjwa wa kuharibu neva ya jicho polepole, mara mingi juu ya presha, unaeza kuwa nayo na bado unasoma herufi zote fiti. Kama iko kwa familia yenu, wee panda matatu. Mtoto wa jicho pia, kutolewa ni hosi tu.